Kwa Nini Ndugu Watatu Hulala Rafu Moja

Wanangu wa stoo, mliniomba kurasa mbili za kueleza mpangilio wa rafu zetu, ili mtu mpya akija asipotee. Nilikubali upesi nikidhani ni kazi ya asubuhi moja. Sasa ni wiki ya tatu tangu nistaafu, daftari la kwanza limejaa, na binti yangu Rukia ameniuliza kama ninaandika maelezo ya stoo au wasifu wa marehemu. Nimemjibu kwamba marehemu yupo, ila ni gari.

Msitarajie humu habari za vyeo. Changu kilibadilika mara kadhaa, na kila mara nilijua kwa kusoma kitambulisho kipya. Ninachotaka ni kuwaeleza kwa nini pale Dubai Investments Park spea za magari ya majina matatu zimechanganywa, pampu kando ya pampu, breki kando ya breki, hata kila mkaguzi anayeingia anatikisa kichwa. Mpangilio ule haukutoka ofisini. Ulitoka katika wiki moja ambayo mimi na wenzangu watatu tulikuwa tunafutiwa viza. Ili muielewe wiki hiyo lazima nianzie mbali kidogo, kwa hiyo kaeni vizuri.

Nilianza kazi tukiwa bado Deira, enzi za kaseti. Marehemu mume wangu alikuwa bandarini, na mimi nilikuwa nimechoka kukaa chumbani Al Muraqqabat kutwa nzima kusikiliza lifti ikipanda na kushuka. Kampuni iliyokuwa ikiuza magari ya Kimarekani ilitaka mtu wa kupokea simu kwenye kaunta ya spea, awe anajua Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, maana wafanyabiashara wa Mombasa, Dar es Salaam na Unguja walikuwa wanamiminika. Nilipata kazi kwa ulimi wangu. Kuhusu magari nilijua kwamba yana milango.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Chekeni sasa tuimalize. Kabla ya adhuhuri kisigino kimoja kilikuwa kimenasa kwenye mfereji wa mafuta machafu wa karakana, nami nikarudi kaunta miguu mitupu, nimeinua kichwa juu kana kwamba ndivyo nilivyokuja. Hapo ndipo nilipokutana na mkuu wa stoo, Ami Nassor, mzaliwa wa Unguja aliyefika Dubai akiwa kijana. Alinitazama miguu, akaingia ndani, akarudi na kandambili za kiume zilizonizidi mara mbili. Hakusema lolote juu ya viatu siku ile wala siku nyingine, na nikampenda kwa hilo.

Ami ndiye aliyenieleza magari yetu, na aliyaeleza kama ukoo. Alisema kuna kiwanda kimoja Marekani chenye watoto watatu. Wa kwanza ni gari la matajiri, akamwita Mkubwa. Wa mwisho ni gari rahisi, la teksi na la makampuni, akamwita Kitinda. Baina yao yuko wetu, Wa Kati. Majina yao halisi yalikuwa yameandikwa kwenye maboneti, lakini stoo nzima tulitumia haya ya Ami, nami nitaendelea nayo. Wa Kati, kwa maneno yake, alikuwa gari la mtu aliyepanda kidogo maishani na anataka ijulikane, ila haya inamzuia kupiga kelele.

Kanuni yake ilikuwa moja. Spea haitoki stoo mpaka ile mbovu iwekwe juu ya kaunta. Hakuna kibovu, hakuna kizima. Mteja angeweza kuja na namba iliyoandikwa vizuri, na picha, na kiapo, Ami angempa kiti na chai na kumwambia akalete kibovu. Mimi mwenyewe alinifunza kwa kuniamuru nifumbe macho, kisha akaniwekea vyuma mkononi kimoja kimoja. Wiki ya kwanza sikuweza kutofautisha pampu ya maji na pampu ya sukani. Wiki ya sita niliweza kutaja ni ya injini ipi. Kila nilipofumbua jicho moja kuchungulia namba kwenye boksi, alilifunika boksi kwa kiganja.

"Boksi litasema lilichoandikiwa, mwanangu," aliniambia. "Wewe niulizie chuma."

Jamani, ile miaka ilikuwa mitamu. Siwezi kuisimulia nikiwa nimetulia. Meli ikileta modeli mpya, karakana nzima iliacha kazi, hata Sir, meneja wetu, ambaye kwa kawaida alikuwa na uso wa mtu aliyeumwa jino, alitoka nje akiwa ameshika miwani mkononi. Wa Kati alikuwa na injini yake mwenyewe, si ya kuazima. Viti vyake vilikuwa vya mahameli. Mlango wake ukiufunga ulitoa sauti nzito moja, na kiyoyozi chake mwezi wa nane kiliwafanya abiria wa nyuma waombe shuka. Waliomnunua walikuwa madaktari wa meno, wahasibu, wenye maduka mawili Al Ras waliokuwa wakiota la tatu. Mwenye Kitinda aliota kumpata, na mwenye Mkubwa alimnunulia mke. Nilijikuta naujua ugonjwa wa kila gari na jina la kila mwenye gari, na asubuhi nilifika kazini kabla ya mwenye funguo.

Wakati huo ndipo alipokuja Kato. Aliletwa kutoka Uganda kuwa mlinzi wa geti, na kazi yake ilikuwa kuandika namba za magari yanayoingia. Badala yake akawa anaandika namba na ugonjwa. Gari likipita mbele yake alisikiliza, akatia neno pembeni: beringi ya kulia, mkanda, plagi ya tatu. Mafundi walicheka hadi siku waliyoanza kwenda getini kuchungulia daftari lake kabla ya kufungua boneti. Sir alikataa kuamini kwa miezi kadhaa, mwisho akampa ovaroli. Kwa sikio la Kato na mkono wa Ami, hakukuwa na Wa Kati aliyetushinda.

Lakini msidhani sikukosea. Alikuja mfanyabiashara mmoja wa Mombasa, akitaka pampu ya maji ya Wa Kati aliyekwama kule nyumbani, gari lililokuwa limekodiwa kumbeba bibi harusi. Kibovu hakuja nacho. Nilimweleza kanuni. Akaniuliza mimi ni wa mtaa gani, nikamtajia, akashika kichwa. Kumbe mtaa ni mmoja, kumbe shangazi yake alimsuka nywele mama yangu. "Dadangu, mimi na wewe twadaiana vibovu?" aliniuliza. Ami alikuwa ameenda kuswali. Nikampa pampu kwa namba ya katalogi, na dua juu. Pampu ilisafiri hadi Mombasa, na haikuingia, kwa sababu injini ya gari lile ilishabadilishwa na fundi fulani wa zamani. Bibi harusi akaenda ukumbini kwa pikapu ya mkate, shela limejaa unga. Niliyasikia hayo kwa wasafiri watatu tofauti, na kila mmoja aliongeza unga.

Ami hakunigombeza. Alinipa karatasi ngumu ya boksi na msumari, akaniambia niwafundishe watu wa mbali kulaza kibovu juu ya karatasi, kuchora ukingo wake na kutoboa kila tundu la bolti mahali pake. Mwezi ule ule zikaanza kufika. Karatasi za maboksi ya kanga, ya sabuni, ya biskuti, zote na matundu, zimebebwa na wasafiri ndani ya masanduku ya nguo kutoka Lamu, Tanga na Pemba. Nilikuwa nazipokea kwa furaha ya mtu anayepokea barua. Nyingine ziliandikwa salamu pembeni.

Sasa nije kwenye anguko. Watu husema lilianzia Marekani, kwenye vikao vya wakubwa. Kwetu lilianzia kwenye swichi ya dirisha. Ilikuja modeli mpya ya Wa Kati, inang'aa, nami nikafungua boksi la swichi za madirisha kuziweka rafuni. Niliishika moja, na mkono ukasema hii naijua. Nilikwenda rafu ya Kitinda nikachukua yake. Nilifumba macho, nikazibadilisha mkono huu na huu mpaka nikasahau ipi ni ipi, na sikuweza tena kuzirudisha kwenye maboksi yake. Nilimwita Ami. Tulifungua pampu, tukafungua vichujio, vitasa, mota za waipa. Maboksi yalikuwa mawili, chuma kilikuwa kimoja. Hata injini, ile iliyokuwa fahari yake, sasa ilikuwa ya mdogo wake.

Ami alikaa juu ya boksi la radieta. Niliogopa, kwa sababu sikuwa nimewahi kumwona amekaa saa za kazi. "Khalas, imekwisha," alisema. "Wamebakisha jina tu." Nilimwambia pengine wateja hawatajua. Alinijibu kwamba mteja si lazima afungue boneti. Siku moja atapanda teksi, atateremsha dirisha, na kidole chake kitamwambia. Na ndivyo ilivyokuwa. Mmoja mmoja walianza kupungua. Hawakuja na malalamiko, hawakuja tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na Wa Kati aliliwa na ndugu yake wa tumbo moja, naye ndugu hakuwa na kosa, kwani ni wazazi waliotaka kupika mara moja na kupakua sahani mbili. Mpaka leo jambo lile linanitia hasira.

Katika siku hizo za magofu ndipo Mwalimu Zuwena alipokuja. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, wa familia ya Kizanzibari, mwembamba, sauti ndogo ambayo hata mafundi waliinyamazia. Alikuwa amemtamani Wa Kati tangu alipokuwa mwalimu wa kawaida, na sasa, ukuu ulipompata, alikuja kumchukua mpya. Nilimwona akipitisha kiganja juu ya usukani. Nilijua kilichomo ndani ya gari lile, na sikumwambia. Baadaye alileta vitumbua kaunta kila alipokuja kubadilisha oili, nami nilivila nikitazama rafu. Ami alistaafu mwaka ule, akahamia kwa mwanawe Maskati, na huko akafariki. Aliniachia stoo.

Miaka kadhaa baadaye, Sir akatuita asubuhi moja ya Jumamosi. Tulikuwa tumebaki wanne upande wa Wa Kati: mimi, Kato, na wapangaji wawili wa rafu, ndugu kutoka Kerala. Alitusomea barua. Kiwanda kimeacha kumtengeneza Wa Kati. Kampuni inafunga upande wake, lori la chuma chakavu litakuja Jumamosi ijayo kubeba stoo yote, na viza zetu zitafutwa mwisho wa mwezi. Alisoma kwa sauti ile ile aliyosomea ratiba ya likizo, lakini aliisoma akiwa amesimama, nimtendee haki.

Mume wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Rukia alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na viza yake ilikuwa imening'inia kwenye yangu. Yangu ikifutwa, anaondoka kabla ya mtihani. Sikulia mbele ya Sir. Nilishuka stoo, nikatazama zile rafu, na kilichonijia hakikuwa huzuni, ilikuwa ghadhabu. Barabarani Wa Kati walikuwa bado wanatembea, hapa, Maskati, Mombasa, Dar. Nani aliwaambia kwamba gari linakufa siku barua inapochapwa?

Nikapanda ghorofani kwa Arbab. Arbab ndiye mwenye kampuni, mzee wa Kidubai, na mfanyakazi wa kaunta hakupanda kwake bila kuitwa. Mimi sikuitwa. Nilimwambia kwa Kiarabu kwamba tunatupa mali ambayo watu wataitafuta miaka mingi. Alinisikiliza, kisha akauliza swali la mtu mwenye akili. Hizo spea za rafuni zikiisha, utawauzia nini, nacho kiwanda kimeacha kumtengeneza? Nilimwambia spea za Wa Kati bado zinatengenezwa kila siku, ila zinaandikwa jina la Kitinda. Alitabasamu kidogo. Akaniuliza kama kuna Wa Kati mgonjwa uani.

Alikuwepo mmoja, wa Mwalimu Zuwena. Masta silinda yake, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedali, ilikuwa inavuja. Kibali cha gari kilikuwa kinaisha Alhamisi, na Sir alikwisha kumshauri mwenyewe aliuze kama chuma chakavu. Arbab akaweka sharti. Gari lile lipite ukaguzi kabla ya kituo kufungwa Alhamisi, bila kufungua boksi hata moja la Wa Kati. Likipita, stoo inabaki nasi tunabaki. Lisipopita, lori lije.

Nilishuka ngazi mbilimbili. Kato alifikiri nimepatwa na wazimu, akaniambia hivyo, halafu akakunja mikono ya ovaroli. Jumapili na Jumatatu tulifanya kazi kama watu wanaopigiwa ngoma. Kihisi cha bomba la moshi kutoka kwa Kitinda kiliingia. Beringi ya gurudumu iliingia. Kiungo cha sukani kiliingia kana kwamba kimezaliwa pale. Kila kimoja kilipoingia wale ndugu wa Kerala walipiga makofi mara moja, pamoja, na kuendelea na kazi. Masta silinda nilichagua kwa uangalifu: umbo lile lile, bolti zile zile, mirija mahali pale pale. Jumanne saa sita Kato alimaliza kuifunga, akakanyaga pedali, ikashika. Gari lilikuwa tayari, na siku mbili za akiba mkononi.

Mchana ule nilichukua ile masta mbovu kuitupa. Sijui kwa nini nilikaa nayo. Nafikiri ni mazoea tu, mkono hauachi kupapasa. Nilitia kidole kidogo ndani ya tundu lake, kikaingia hadi kiungo cha pili. Nikachukua masta nyingine ya Kitinda kutoka rafuni, nikatia kidole kile kile. Kilikwama kwenye kiungo cha kwanza. Nilirudia mara tatu. Nje zilifanana kama mapacha, ndani tundu la Kitinda lilikuwa jembamba. Kitinda ni mwepesi, breki zake ni ndogo. Gari la Mwalimu ni zito. Masta ile ingesukuma mafuta kidogo kuliko breki zinavyohitaji, na siku ya joto kali, breki zikishaanza kulika, pedali ingezama chini.

Nilimwambia Kato aifungue. Hakuelewa, nikampa zote mbili atie kidole. Akatia, kisha akafuta kidole kwa ovaroli.

"Mama Rukia, hii itapita ukaguzi," alisema. "Ile mashine yao inapima breki ya leo. Leo iko sawa."

Nilimwambia najua.

"Mimi niko na watoto wanne kule Masaka. Tupite kwanza, tupate stoo, halafu tutafute ingine polepole. Nani atajua?"

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, tena alisema kwa upole. Nami namwambia ukweli kila mtu: nilitaka kumkubalia. Nilimfikiria Rukia na vitabu vyake mezani. Lakini nilikuwa nimeshamnyamazia Mwalimu Zuwena mara moja, siku alipopitisha kiganja juu ya usukani, na kimya kile kilikuwa juu ya swichi za dirisha. Hiki kingekuwa juu ya breki. Nikasema tena, ifungue. Kato alitupa spana sakafuni, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akitupa chombo. Akaenda nje, akanywa maji, akarudi, akaiokota, akalala chini ya dashibodi.

Jumatano tulianza na gari lisilo na breki kabisa. Nilijaribu mifano yote ya Kitinda, ya zamani na mipya, kidole kikikwama kila mara. Kufikia saa tano nilikuwa nimekaa sakafuni nimezungukwa na maboksi, nikimlaumu Kitinda kwa kila kitu. Ndipo niliposikia maneno yangu mwenyewe. Tumezoea kusema Wa Kati aliazima kwa mdogo wake, nami nikashika njia hiyo moja tu. Lakini mtoto wa kati ana ndugu wawili. Kama gari ni zito, je, breki si zimetoka juu?

Kaunta ya Mkubwa ilikuwa jengo lile lile, upande wa mbele, yenye zulia na maua ya kweli. Katika miaka yangu yote sikuwahi kukanyaga zulia lile. Nilifika na masta mbovu inadondosha mafuta, nikaiweka juu ya kioo chao. Kijana wa Nairobi aliyevaa tai aliitazama, akanitazama.

"Mama, hiyo si yetu. Sisi hatushughuliki na hizo."

"Niletee ya Mkubwa," nilimwambia. "Usiniletee katalogi. Niletee chuma."

Aliileta ili niondoke. Nilifumba macho. Kidole kidogo kiliingia, kikapita kiungo cha kwanza, kikafika cha pili, kikatulia. Nilipiga kigelegele. Ndiyo, pale pale, juu ya zulia, mbele ya mteja mmoja wa suti aliyekuwa anachagua rangi. Nilikipiga mpaka wale ndugu wa Kerala wakaja mbio wakidhani kuna harusi au moto. Siku hiyo ndipo nilipoacha kupanga rafu kwa jina la gari. Chuma kinakaa na chuma mwenzake, na ndugu wote watatu wanalala pamoja, ili mtu asisahau kutafuta juu na chini.

Kato aliifunga alasiri ile. Alipokanyaga pedali, ilisimama juu, ngumu. Aliniangalia kutoka chini ya dashibodi, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Alhamisi tulikwenda ukaguzini sote wanne, ndani ya gari moja, jambo ambalo si la lazima wala la busara. Breki zilipita. Sukani ilipita. Moshi ulipita. Tukafelishwa kwa taa ya namba ya nyuma, balbu ndogo kuliko punje ya mahindi, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuitazama. Kato alivuka barabara mbio kutafuta duka, nami nilisoma kila dua niliyofundishwa chuoni na nyingine nilizotunga. Alirudi jasho likimtiririka, akaiweka, tukapanga foleni upya. Zilikuwa zimebaki dakika za kuhesabika kabla ya kituo kufungwa tulipopewa karatasi.

Arbab alikuwa bado ofisini, na Sir alikuwa naye. Nikaweka karatasi mezani. Hakuichukua. Kumbe Sir alikwisha kumweleza kwamba Jumanne tulikuwa na gari zima, tukalibomoa wenyewe.

"Ile masta ya kwanza," Arbab aliniuliza, "ingepita ukaguzi?"

"Ingepita."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na binti yako yuko mwaka wa mwisho."

Nilishangaa kwamba anajua. Nilijibu ndiyo, yuko mwaka wa mwisho.

"Sasa kwa nini ulifungua?"

Ningependa kuwaambia nilitoa jibu la kukaririwa. Nilikuwa nimechoka, nanuka mafuta ya breki. Nilimwambia kwamba Mwalimu Zuwena huwapakia watoto wa jirani kila asubuhi, wanakaa watatu kiti cha nyuma, nami nimewahi kuwaona.

Arbab akaichukua ile karatasi. Halafu alimgeukia Sir, hakunisemesha mimi tena.

"Mwambie mwenye lori asije."

Nilitoka bila kuaga. Nilishuka ngazi tatu, nikakaa kwenye ya nne, nikalia kwa sauti, kilio cha miezi mingi, cha mume na cha kila kitu. Kato alisimama chini akanisubiri nimalize. Hakuuliza tumeshinda au tumeshindwa mpaka nilipojifuta uso kwa ncha ya mtandio na kumwambia.

Hata hivyo hatukuamini. Jumamosi tulifika mapema kuliko siku zote, wote wanne, tukasimama getini tukitazama barabara. Kila gari kubwa lililopinda kona tulilinyooshea shingo. Likapita la maji, likapita la saruji, likapita la fenicha. La chuma chakavu halikuja. Tuliendelea kusimama tu, wala hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugeuka.

Mwishowe Kato alinigusa bega. "Mama Rukia, fungua basi," alisema. "Watu wanangoja." Nikageuka, na kweli, mbele ya kaunta foleni ilikuwa imeshaanza, kila mtu na kibovu chake mkononi.